Wacheni kutukaririsha bondi ya haidrojeni

Wasee, hii stori ya "ukiona H na O, andika bondi ya haidrojeni" imetuharibu. Kukariri si kemia.

Cheki nitrofenoli mbili. Atomi ni zile zile, idadi ile ile. Moja huyeyuka karibu nyuzi 45, nyingine karibu 114. Mbona? Ya kwanza, OH na NO2 ni majirani, so haidrojeni inashika oksijeni ya humo humo ndani. Ya pili, ziko pande tofauti za pete, hazifikiani. Inabidi ishike molekuli ingine, na kuziachanisha kunataka moto zaidi.

Fomula haikuonyeshi hiyo. Mchoro ndio unaonyesha. Walimu, tufunzeni kuangalia nani amekaa karibu na nani. Na wewe, chora kwanza, ndio ujibu.