Nani analipia filamu ya bei chee?

Panda basi la Dar es Salaam kutoka huku kwetu Lushoto. Hujamaliza kona za kuteremkia Mombo, filamu ya Kibongo imeshawashwa, na dada mmoja kwenye skrini analia. Hapo hakosekani abiria wa kuguna: "Kulia tu huko! Hata mimi naweza."

Imani hiyo tunayo hata hapa Malindi, Lushoto: filamu ikitengenezwa kwa pesa kidogo, kuigiza humo ni kazi ya msichana yeyote mwenye sura. Ni uongo, tena uongo wenye dhuluma ndani yake.

Pesa ikikosekana, mzigo unahamia kwa mwigizaji. Hakuna wa kumtafutia mavazi, basi anakuja na begi lake. Muswada mara nyingi haujakamilika. Anasimuliwa kisa asubuhi, maneno anayatunga mwenyewe kamera ikiwaka. Kurudia sini nako ni anasa, maana nyumba ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka jioni. Anayetoa chozi la kweli katika vurugu hiyo ni fundi. Huyo wa Hollywood tunayemsifu ana mtu wa kumshikia mwavuli.

Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, ilikuwa kati ya filamu za video zilizofungua soko hili. Monalisa, aliyecheza humo, alikuwa ameshapikwa na michezo ya televisheni, hakuokotwa barabarani. Na hapa hapa mkoani Tanga, mwaka 2015, shirika la UZIKWASA la Pangani lilitoa Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar. Godliver Gordian anaigiza mfanyabiashara anayerudi kwao harusini, anabakwa, kisha anakuta watu wanataka jambo liishe kimya kimya. Hakuna helikopta wala majumba ya kifahari humo. Uzito wote umewekwa usoni pake, nao anaubeba. Anayesema ni kazi ya yeyote aitazame kwanza.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni malipo. Sisi wakulima wa kabichi tunaijua biashara ya dalali: anataja bei shambani, lori linajaa, mmemalizana. Kabichi huliwa mara moja, kwa hiyo kidogo inavumilika. Filamu haiishi kwa kuliwa. Enzi za DVD, mtayarishaji aliuza kazi kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, na mwigizaji alikuwa ameshapewa chake kabla ya hapo, kama alipewa. Filamu ile ile ikazunguka kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, kwenye mabasi, sasa YouTube. Sura inayouza ni yake, senti hairudi kwake.

Wapo wanaosema hakulazimishwa. Sawa, na mkulima naye hakulazimishwa kulima. Hilo halimpi dalali haki ya kumpunja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, ila makubaliano ya mdomo ni magumu kuyathibitisha mbele ya sheria.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, binti yako akiitwa kushuti, acha kumuuliza kama ana sura ya filamu au kama atapotea mjini. Muulize mkataba uko wapi, na ausome mbele yako. Nawe prodyuza unayepanda Usambara kufuata ukungu na milima ya bure, andika kwenye karatasi fungu la mwigizaji kila filamu itakapouzwa upya, kisha ndipo uwashe kamera.