Ziwa Kivu: tuchague wavu kwa kufuata samaki, si kwa kufuata njaa peke yake

Ukipita asubuhi kwenye ufuko wa Kituku hapa Goma, ao kule Minova na Kalehe, utaona mavuno ya aina mbili. Kuna sambaza waliokomaa, urefu wa kidole, wale mama wauzaji wanawapima kwa kopo. Pembeni kuna wadogo kama sindano, waliokokotwa kwa chandarua cha mbu. Wote wanaishia sokoni siku ileile. Maoni yangu ni haya: kuvua hao wadogo ndiko kunatumalizia hao wakubwa, na tunaweza kuacha bila kuwanyima chakula ndugu zetu waliokimbia vita.

Tuanze na samaki mwenyewe. Sambaza hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, sababu katikati ya ziwa letu hakukuwa samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea majini. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, lakini hewa ya samaki iko sehemu ya juu tu. Chini kumejaa gesi, samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo familia zote zinazokula sambaza, Congo na Rwanda, zinategemea maji ya juu peke yake.

Mvuvi mzoefu anachagua vyombo vyake kwa kujua samaki anakula nini, wapi na saa ngapi. Mchana vile vidudu vinashuka, na sambaza anashuka navyo. Giza likiingia vinapanda, naye anakuja kula karibu na uso wa maji. Ndiyo sababu ekipe zinatoka usiku: mitumbwi 3 iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa juu ya maji, wavu chini. Taa inavuta vidudu, vidudu vinavuta samaki. Mwezi mkubwa ukiwaka, taa inapoteza nguvu na samaki wanatawanyika. Lakini usiku wa giza, mbali na ukingo, wavu wa matundu yanayofaa unaleta waliokomaa na kuacha wadogo wapite.

Ukingoni mambo ni tofauti. Sambaza anataga karibu na nchi kavu, na watoto wake wanakula na kukua hapohapo, kwenye maji mafupi. Tundu la chandarua halipitishi hata kichwa cha njiti ya kiberiti. Ukikikokota pale, umebeba samaki wa miezi inayokuja wakati hawajajaza hata kiganja. Tena vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Na usiku, mtoto aliyepaswa kulala chini ya chandarua hicho anaumwa na mbu. Tunapoteza samaki, kisha tunapata malaria.

Wengine wanasema kosa ni la wakimbizi wa ndani. Mimi sikubali. Mtu aliyeacha shamba lake milimani hana mtumbwi, hana taa, hana pesa ya kuingia kwenye ekipe. Alichopewa bure ni chandarua, na watoto wanalia njaa. Tena uvuvi wa usiku unapokatazwa kwa sababu ya usalama, hata wavuvi wa zamani wanarudi ukingoni mchana. Wale wanaokamata vyandarua na kuvichoma bila kutoa kitu kingine wanasogeza tatizo tu mpaka ghuba ya jirani.

Basi tufanye nini? Kwanza, kamati za wavuvi zifungulie ekipe waliohama. Kuna kazi ya kuvuta kamba, kushona nyavu, kuanika samaki. Mtu alipwe kwa fungu la samaki, hata dogo. Pili, mashirika ya kiutu yanayogawa vyandarua yaulize pia wavuvi wanahitaji nini: nyavu za matundu yanayofaa, uzi, taa za sola. Tatu, kila kijiji cha ukingoni kichague ghuba moja ambayo hakuna mtu anavua, watoto wa samaki wakue. Ng'ambo, Rwanda husimamisha uvuvi wa sambaza kwa muda fulani kila mwaka. Samaki hajui mpaka. Akilindwa upande mmoja na kumalizwa upande mwingine, kazi ni bure.

Wenye kutoa amri nao wakumbuke: kila usiku ekipe zinabaki nchi kavu, chandarua kinarudi majini asubuhi. Kama usalama unadai katazo, liwe na saa na maeneo yanayojulikana, na wavuvi washirikishwe kabla halijatangazwa.

Mama mnaonunua, nanyi mna nguvu. Samaki wa sindano akikosa mnunuzi, wachache watahangaika kumvua. Na ninyi familia mliohama, mnaotusikiliza kambini na nyumbani mwa watu waliowapokea: chandarua kifunikeni juu ya watoto. Kisha nendeni kwa mkubwa wa ekipe, mwombe nafasi mchana kweupe, mkiwa watu watano ao kumi pamoja. Ni vigumu kufukuza watu kumi wanaoomba kazi.