Mchoro wa Kwanza wa Barabara ya Mjini

Usanifu wa awali wa barabara ya mjini hufanyika kabla ya zabuni, kabla ya mkandarasi, na kabla nyumba hazijapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo huamuliwa barabara ni ya nani, ipite wapi, iwe na upana gani, na maji ya mvua yaelekee wapi. Gharama yake ni chembe tu ya gharama ya mradi, lakini kosa lake hulipwa kwa zege na fidia. Yapasa basi wenye mamlaka wasiuharakishe usanifu huo.

Dar es Salaam inatosha kuwa ushahidi. Awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, ya takriban kilomita 21, ilianza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Wasanifu waliipitisha njia ya mabasi katikati ya barabara, na walifanya vyema: pembeni basi lingezuiwa na daladala zinazoshusha abiria, malori yanayopakua, na magari yanayokunja kuingia mitaani. Lakini uamuzi huo unamlazimu kila abiria kuvuka nusu ya barabara ili afike kituoni. Kwa hiyo kivuko si pambo la kuongezwa mwishoni fedha zikibaki.

Karakana ya mabasi, kwa upande wake, iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Kwenye ramani eneo lile lilivutia: pana, wazi, karibu na katikati ya jiji. Uwazi wake ulikuwa na sababu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande kwa kuwa si mahali salama pa kuishi. Mabasi yakaletwa palepale. Masika yaliyofuata yaliigharikisha karakana mara kwa mara na kuharibu mabasi, na sasa imebidi kuhamishwa kwake kuingizwe katika mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo. Swali moja kwa mzee yeyote wa Magomeni, kando ya bonde hilo, lingalifichua yote hayo.

Kosa jingine limo katika kuhesabu. Kwa desturi ya wahandisi, basi huhesabiwa sawa na magari madogo mawili au matatu, kwa kuwa ndiyo nafasi linayochukua. Abiria wake sitini hawaonekani popote, sembuse anayekwenda kwa miguu. Mchoro unaotokana na hesabu hiyo hudai njia zaidi za magari, na upana wake humegwa kwenye njia za miguu. Wahesabiwe watu, na mchoro wa mkato uanzie ukuta hadi ukuta, ukionyesha mtaro, meza ya mama ntilie na kijiwe cha bodaboda, maana vitakuwapo vichorwe visichorwe.

Michoro iwe mitatu walau, mmoja ukieleza hali itakavyokuwa pasipo kujenga chochote. Ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, na maoni ya wakazi yaandikwe na kujibiwa moja moja kabla ya fedha za usanifu wa kina kuidhinishwa.