Nusu iliyolala, imelala yote?

Ndugu mwandishi, kipimo cha Wada, kile cha kulaza nusu moja ya ubongo kwa dawa kabla ya upasuaji, umekieleza vizuri, ila umeruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Dawa ya amobabitali ikichomwa kwenye ateri ya karotidi ya ndani, mkono wa upande wa pili hulegea, na kama ndiyo nusu yenye lugha, mgonjwa hunyamaza dakika chache. Ndipo tunaamini nusu nzima ya ubongo imelala. Picha za mtiririko wa damu zinasema vingine. Dawa yenye teknesiamu-99m huchomwa wakati wa ganzi hiyohiyo, hunasa ubongoni haraka na kubaki hapo. Mgonjwa hupigwa picha baadaye, ameshaamka na anaongea, na bado inaonekana damu ilivyokuwa ikipita wakati ule. Ujanja huu naupenda mno!

Sasa hipokampasi, mlango wa kumbukumbu: sehemu yake kubwa hulishwa na ateri ya nyuma ya ubongo, ambayo kwa watu wengi haitokani na karotidi. Ganzi mara nyingi haifiki huko. Mgonjwa akikumbuka vitu alivyoonyeshwa wakati wa ganzi, tujue vipi ni nusu iliyo macho iliyofanya kazi? Watetezi hujibu kwamba hipokampasi hiyo huzimika kwa kukatiwa mawasiliano na jirani zake. Huenda. Lakini Juhn Wada alikibuni kipimo kutafuta upande wa lugha. Kumbukumbu waliiongeza Brenda Milner na wenzake huko Montreal mwaka 1962. Kwa lugha nakiamini. Kwa kumbukumbu, ningemwomba daktari picha kwanza, kisu baadaye.