NYUMBA YETU: Pikapu Kuukuu, Burudani ya Baba au Mzigo wa Nyumba?



Kambini na katika nyumba za askari polisi, mazungumzo ya magari hayakauki. Si ajabu, kwani wengi wetu tumekua na Land Rover. Kuna waliopelekwa nayo hospitali wakiwa watoto, kuna waliojifunzia udereva ndani yake, na kuna waliohama nayo kutoka kituo hadi kituo, magodoro na kuku vikiwa vimefungwa nyuma. Kwa hiyo baba anapoiona pikapu ya namna hiyo imesimama nyuma ya gereji, nyasi zimeifikia milangoni, na mwenyewe akasema anaiuza kwa bei ndogo, moyo humwenda mbio. Katika fikra zake gari hilo limekwisha pakwa rangi na linanguruma barabarani siku ya Jumapili.

Mama naye huona mambo mengine: karo ya muhula ujao, mabati ya nyumba inayojengwa kijijini, na fungu la kiinua mgongo ambalo halirudi mara mbili. Wote wawili wana haki. Juma hili tutazame jambo hili kwa utulivu, ili atakayenunua ajue anachonunua, na atakayekataa akatae kwa hoja.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili mwaka 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia jipu la vita katika shamba lake, akaona haja ya gari la mkulima. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, ikafuatiwa na ile iitwayo 2A mwaka 1961. Aina ya tatu ilianza mwaka 1971 na kuendelea hadi mwaka 1985. Pikapu nyingi za kazi ni zile ndefu, ambazo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma pana inchi 109, yaani kadiri ya sentimita 277. Injini yake ya petroli iliyozoeleka ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286 za mraba wa tatu.

Sifa yake kubwa kwa mtu wa mshahara mdogo ni kwamba limeundwa kwa bolti na nati. Mlango, boneti, bawa la mbele, hata paa, vyote hufunguliwa kwa spana za kawaida. Halina kompyuta. Mtu mwenye subira na kitabu cha ufundi anaweza kulielewa lote.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Mnunuzi mgeni hudanganywa na bodi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari huonekana zima huku chasisi yake, ambayo ni ya chuma, imeoza chini. Nenda na nyundo ndogo, ulale chali, uigonge chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Chunguza zaidi chuma cha mwisho cha nyuma kinachobeba ndoano ya kuvutia, mahali springi zinaposhikwa, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri si kosa. Ukikuta viraka juu ya viraka, shukuru mwenyeji na uage.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hujafika huenda ana jambo analificha. Fungua kifuniko cha rejeta: ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, au chini ya kifuniko cha oili kuna povu kama maziwa, maji na oili vinakutana mahali pasipofaa. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua. Kuna pia kipimo cha zamani kisicho na gharama: zima swichi, weka gia huru, funga breki ya mkono, kisha zungusha injini kwa hendeli ya mbele. Mkono utahisi ukinzani mara nne, silinda moja baada ya nyingine. Ukinzani wa moja ukiwa dhaifu kuliko wa wenzake, silinda hiyo inavuja. Unapozungusha, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini; hendeli ikirudi nyuma ghafla huvunja mkono.

Baada ya gari, karatasi. Hapa wasomaji wetu wa polisi hawahitaji mahubiri, lakini tukumbushane. Namba ya chasisi imepigwa kwenye chuma chenyewe, aghalabu mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Ilinganishwe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, kisha ithibitishwe katika ofisi ya usajili kabla fedha hazijatoka mkononi. Gari lililokuwa la serikali liwe na stakabadhi ya mnada na barua ya kuondolewa katika orodha ya magari ya kazi. Rangi na alama za jeshi au polisi ziondolewe. Wala usishawishiwe na bei ya ng'ambo ya mpaka. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, na Kenya imeweka kikomo cha miaka 8. Gari kuukuu la kununua ni lile ambalo tayari limesajiliwa nchini mwako.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali ambapo nyumba nyingi hutetereka. Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani. Ikiwa nyumba imeweza kutenga fungu moja kwa ajili ya gari, nusu ya fungu hilo ndiyo iwe bei ya mwisho, na nusu ya pili ikae kwa ajili ya matairi, breki, betri na kuchomelea. Fungu hilo litoke katika akiba ya starehe. Lisiguse karo wala chakula, na kiinua mgongo kisiguswe kabla mabati hayajapanda juu ya nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari: liwepo daftari moja, na mama wa nyumbani aweze kulisoma wakati wowote. Baba anayeficha bei ya kabureta leo atahitaji kuficha bei ya giaboksi kesho, na hapo kilichoharibika si gari tena.

Tena askari ana jambo ambalo raia hana: uhamisho. Amri ikija, gari lililoinuliwa juu ya matofali halihami. Uwanja wa kambi nao si mali ya mtu. Omba ruhusa ya mkubwa wako kabla ya kuvuta skrepa mbele ya nyumba ya serikali. Kwa hiyo chagua gari linalotembea, hata kama linatembea vibaya, na ulitengeneze kipande kwa kipande. Magari mengi ya namna hii huuawa na hamu ya mwenyewe. Hulifungua lote kwa siku mbili, nati zikachanganyika katika gunia moja, mvua ikanyesha, na mwaka uliofuata yakauzwa kwa kilo.

Utaratibu ulio bora ni huu. Anza na breki, usukani na matairi, maana gari lisilosimama ni hatari hata likiwa na injini mpya. Fuata nyaya za umeme, kisha injini, kisha giaboksi. Rangi ije mwisho kabisa. Kila kitu unachofungua kiwekwe katika kopo lake, na kopo liandikwe. Likianza kutembea, ujue mambo mawili: petroli litakunywa, kwani kilomita 5 au 6 kwa lita moja ni kawaida yake, na magurudumu manne yasivute pamoja kwenye lami kavu, kwani ekseli na gia huumia.

Mama naye ana ulinzi wake, na hapa neno lake liwe amri. Petroli isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala kikombe. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Liwekewe vigingi imara vya chuma, na magurudumu yazuiwe. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo, kwani breki hizo zilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lilowanishwe maji na kufutwa kwa kitambaa, kisha kitambaa kitupwe.

Baada ya tahadhari zote hizi, je, kuna faida? Ipo, tena kubwa, kwa nyumba iliyokubaliana. Baba anayeshinda na spana Jumamosi hashindi kilabuni. Kijana au binti anayeshika taa, kisha akashika spana, kisha akapima nafasi ya valvu mwenyewe, amepata ufundi utakaomlisha. Na sajenti anayekaribia kustaafu atajua, kabla siku hiyo haijafika, kama mikono yake ina kazi nyingine mbali na bunduki.

Basi kabla ya kwenda kuliona gari, kaeni wawili, baba na mama, na daftari jeupe mbele yenu. Andikeni fungu mnaloweza kulipoteza lote bila mtoto kukosa shule. Likitosha, nendeni pamoja mkalitazame. Lisipotosha, liacheni lilale katika nyasi zake. Chuma kilichongoja miaka arobaini kitangoja mwaka mmoja zaidi.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.