Ukumbi Mdogo wa Nakuru Watuhusu

Kila nipandapo bara nikashukia Nakuru, jambo la kwanza linipendezalo ni majina ya mitaa. Bondeni, Kivumbini, Kaloleni! Hilo la mwisho tunalo hata huku kwetu Kilifi. Tena hapo Bondeni Waislamu wanaishi na kuswali tangu zamani. Basi yanishangaza kwamba tukisikia kuna muziki na mchezo wa kuigiza katika mji huo, twasema, "Hayo ni ya watu wa bara," tukageuza uso.

Ukumbi niusemao ni wa Nakuru Players, masalio ya zama za walowezi. Wazungu walijiwekea jukwaa ili waigiziane wenyewe kwa wenyewe, kama walivyofanya wenzao Mombasa kwa Little Theatre. Leo jukwaani ni vijana wa mjini, na kinacholisha vikundi kama hivyo, huko na kwingineko nchini, ni tamthilia za mtihani. Wanafunzi huletwa kwa mabasi kutazama "Bembea ya Maisha" ya Timothy Arege, wakacheka, wakapiga makofi, wakarudi shule. Riziki hiyo ni halali, silaumu. Lakini kijana aliyefundishwa kwamba mchezo ni swali la karatasi ya tatu, akimaliza kidato cha nne kipi kitamrudisha ukumbini?

Najua liko neno litakaloletwa na baadhi ya masheikh wetu: ngoma na maigizo ni upuuzi. Sibishani na wenye elimu. Ila mimi ni mtoto wa chuoni, na kabla sijajua kuandika barua masikio yangu yalikwisha zoea mizani ya kasida na mlio wa matari ya maulidi. Mashairi niliyatoa huko. Na aliyeandika "Kinjeketile" mwaka 1969, Ebrahim Hussein, si mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania, mwenzetu? Lililo la kupimwa ni neno linalosemwa, na adabu ya anayelisema. Wimbo mchafu ni mchafu hata ukiimbwa harusini kwetu, na huko, wallahi, tunanyamaza.

Wala mtu asidhani jukwaa ni jambo dogo. Wakubwa hawalioni hivyo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliigiza kwa lugha yao mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Ukapigwa marufuku, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Tukadhani yamepita. Aprili 2025, hapo hapo Nakuru, kwenye tamasha la taifa la maigizo ya shule, wasichana wa Butere walikuja na "Echoes of War". Mahakama ilikwisha amuru waruhusiwe. Mwandishi wao, Cleophas Malala, akakamatwa, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza. Watoto wa shule!

Hapo ndipo naona thamani ya ukumbi mdogo. Tamasha kubwa lina wizara, lina mgeni wa heshima, na kwa hiyo lina wa kulizima. Ukumbi wa watu mia mbili tatu, wanaolipa kiingilio chao wenyewe, ni vigumu zaidi kuuziba mdomo, mradi uwe na watu. Usipokuwa na watu, hata polisi hawahitajiwi.

Kwa wenye ukumbi nina maombi mawili. Matangazo yaandikwe Kiswahili, maana mama wa Bondeni hatasoma bango la Kiingereza akajua kwamba ameitwa. Na mchezo usianze saa kumi na mbili na nusu jioni, kwani hapo magharibi inaingia, na Mwislamu atachagua msikiti. Uanze baada ya isha. Usiku mmoja katika mwezi watupe taarabu ya udi na fidla, yenye maneno ya kusikilizwa, si ya kelele za vipaza sauti.

Nasi tukiitwa hivyo, tutakuwa na udhuru gani? Nauli ya gari la moshi mpaka Nairobi twaipata kila kwenye arusi ya jamaa, na kutoka hapo matatu za Nakuru haziishi.