Trekta dogo: tazameni kona na magurudumu

Mwandishi wa makala ya trekta dogo, suala la kona umelipita haraka. Shamba letu karibu na Chwele, Bungoma, ni ekari tatu, migomba pembeni, na ua wa jirani uko hatua chache tu kutoka mstari wa mwisho. Trekta kubwa la kukodi huacha kila pembe bila kulimwa, nasi tunamalizia kwa jembe la mkono. Dogo la nguvu za farasi 25 linageuka vizuri kabisa.

Lakini Kitale, kwa shangazi, nililiona likishindwa. Februari, udongo umekauka kama tofali, sahani za jembe zinaparuza juu juu huku magurudumu ya nyuma yakizunguka palepale. Fundi akayajaza maji, karibu robo tatu. Likapata uzito, likashika ardhi.

Kulima ni wiki chache tu kwa mwaka, kwa hiyo ili trekta lisikae bure nunueni na trela, na mashine ya kupukuchulia mahindi. Ulizeni pia kama spea zinapatikana Kitale mjini. Na tafadhali sana, kifuniko cha shafti ya nyuma inayozungusha mashine msikitoe: nguo ikinaswa pale, hakuna nafasi ya kuwahi kuizima injini.